Mnara, nuru na adesi

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniambia kuwa 'mnara wa taa' ni tafsiri tu ya Kiingereza, na kwamba Kiswahili hakina lake la kusema kuhusu sayansi ya mwanga. Alikuwa ameliandika hilo katika tasnifu! Sikumkemea. Nilimpeleka Ufaransa, kwa maneno tu.

Nje ya mlango wa mto Gironde, baharini, umesimama mnara wa Cordouan uliokamilika mwaka wa 1611. Hapo ndipo mhandisi Augustin Fresnel alipowasha lenzi yake mnamo 1823. Kabla yake, minara ilitegemea vioo vya kuakisi, na sehemu kubwa ya mwanga ilipotea bure. Lenzi ya kawaida nayo, ukiitaka kubwa ya kutosha, huwa nene na nzito ajabu, na unene huo wenyewe humeza mwanga.

Sasa tazama ujanja wa Fresnel. Mwale hupinda pale unapoingia kwenye kioo na pale unapotoka. Katikati hupita tu. Basi kioo cha katikati kina kazi gani? Akakiondoa, akabakisha nyuso zinazopinda mwale, akazipanga pete baada ya pete kuzunguka kitovu kimoja. Miale iliyokuwa ikitawanyika kutoka kwenye taa ya mafuta ikatoka sambamba, ikielekea kwa mabaharia. Kifua kikuu kilimuua mwaka wa 1827, akiwa na miaka 39 pekee.

Na lugha je? Kwa Kilatini, 'lens' ni dengu, kwa sababu ya umbo. Waarabu pia huita dengu na lenzi kwa jina moja, nasi tumelirithi upande wa jikoni: adesi. 'Mnara' nao umetokana na 'manara' ya Kiarabu, mahali pa nuru, mzizi uo huo uliotupa 'nuru'. Tuliposikia ile 'm' mwanzoni, tukalitia neno katika ngeli ya U-I, tukapata minara. Kumbe anayesema 'mnara wa taa' anataja mwanga mara mbili! Wafaransa wao husema 'phare', kutokana na kisiwa cha Pharos kule Alexandria.

"Kwa hivyo Prof, tuite lenzi adesi?" akauliza.

Nikamwambia hapana, tumechelewa, lenzi limeshazoeleka. Ila ile sura ya pili ataiandika upya.