Nyuma ya Kikaragosi Kuna Mtu

Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani yaliwanyima wanafunzi wa Chuo cha Loyalist, mjini Belleville katika jimbo la Ontario, Kanada, darasa lao bora. Walisomea kazi ya forodha na uhamiaji, na hadi wakati huo walikuwa wakipelekwa mpakani kuwatazama maofisa wakihoji wasafiri. Ulinzi ulipokazwa, nafasi hiyo ikatoweka. Miaka michache baadaye chuo kikajenga kituo cha mpaka ndani ya Second Life, ulimwengu pepe uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003. Mwanafunzi alivishwa sare ya kuchora, akasimama katika kibanda cha kuchora, magari yakaja, naye akauliza: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini. Chuo kikaeleza kwamba alama za mtihani wa stadi za mahojiano zimepanda sana. Habari ikasambaa, na wengi walioisimulia waliisimulia kama ushindi wa kompyuta. Naamini walikosea. Msafiri aliyejibu maswali yale, akakasirika au akababaika, alikuwa mtu hai aliyekaa mbele ya kompyuta yake akiongoza kikaragosi. Kompyuta ilitoa jukwaa tu, na historia ya igizo dhima inaonyesha kwamba jukwaa halijawahi kuwa ndilo linalofundisha.

Tukirudi nyuma tunakutana na Jacob Levy Moreno, daktari aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alianzisha mjini Vienna ukumbi wa maigizo yasiyoandikwa, ambamo waigizaji walitunga maneno papo hapo. Alipohamia Marekani aliligeuza igizo hilo kuwa tiba, na mwaka 1936 akafungua hospitali huko Beacon, jimbo la New York, yenye jukwaa lake. Mambo mawili katika utaratibu wake yangali ndiyo uti wa mgongo wa mafunzo haya. La kwanza ni kubadilishana nafasi: mume anayegombana na mkewe anaambiwa awe yeye mke, ajibu kama mke. La pili ni kwamba igizo haliishii pazia linaposhuka. Waliotazama na walioigiza huketi wakasema yaliyowagusa. Ondoa mazungumzo hayo, unabaki na burudani.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kishupavu zaidi, nayo ilidharauliwa. Mwaka 1963 Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, alimfundisha mwanamitindo wa wachoraji kuigiza mgonjwa aliyepooza miguu. Mwanamke huyo hakufundishwa dalili peke yake. Alifundishwa pia wasiwasi na maisha ya mgonjwa halisi ambaye Barrows aliwahi kumtibu. Wanafunzi wa udaktari waliingia mmoja mmoja kumpima. Walipotoka, yeye ndiye aliyeandika nani alimpima vizuri na nani alimtendea kwa ukali. Barrows alisimulia kwamba wazo lilimjia kwa mgonjwa wa kweli aliyetumika katika mitihani ya madaktari, ambaye mtahiniwa alipomfanyia ukatili aliamua kumbadilishia dalili kwa makusudi. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mgonjwa ana macho, ana maoni, na anaweza kulipiza. Magazeti yalimcheka Barrows kwamba sinema za Hollywood zimevamia tiba, na madaktari wenzake wengi wakaona ni mchezo usio na hadhi. Lakini mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, alieleza mtihani wa vituo, mwanafunzi akihama kituo hadi kituo kufanya kazi mbalimbali za udaktari, na wagonjwa wa kuigiza wakapata makao ya kudumu ndani yake.

Ulimwengu pepe ulikua kando ya haya yote, bila nia ya kumfundisha mtu adabu za kazi. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walitunga mchezo wa maandishi matupu ambamo watu kadhaa walikutana katika nchi moja ya kubuni. Picha na vikaragosi vilifuata, watafiti nao wakaanza kupima yale vinayomfanyia mtu. Mwaka 2007 Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Stanford walionyesha kwamba aliyepewa mwili mrefu wa kuchora alijadiliana kwa ubabe zaidi wakati wa kugawana fedha kuliko aliyepewa mwili mfupi. Sipuuzi matokeo hayo. Jukwaa la Moreno halikuweza kumpa mtu kimo kingine, na hapa dunia ya kuchora imeongeza kitu cha kweli.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka kwenye ualimu. Chuo Kikuu cha Central Florida, mjini Orlando, kilitengeneza mfumo uitwao TeachLivE. Mwalimu mwanafunzi husimama mbele ya skrini yenye wanafunzi wa kuchora, kila mmoja na tabia yake: mkimya, mbishi, mwenye kiherehere. Wanajibu na kukatiza, na hununa pia. Anayewafanya waseme ni mwigizaji mmoja aliyefunzwa, aliyejificha mahali pengine, anayeruka kutoka sauti moja hadi nyingine kwa ustadi ambao ungemvutia Barrows. Mnamo 2020 Julie Cohen wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walichapisha utafiti uliotumia mfumo wa aina hiyo. Walimu wanafunzi walifundisha darasa la kuchora, wakapumzika, wakafundisha tena. Katikati, wengine walielekezwa na mkufunzi kwa dakika 5, wengine waliachwa wajitafakari wenyewe. Walioelekezwa walibadilika waziwazi. Walioachwa peke yao hawakusonga mbele, ingawa dunia pepe waliyoingia ilikuwa ileile.

Kuna pingamizi ambalo halipaswi kupitwa haraka. Mwaka 2014 watafiti wa Southern California walionyesha kwamba watu waliohojiwa na mwanamke wa kuchora aitwaye Ellie walifunguka zaidi walipoamini kuwa anaendeshwa na mashine kuliko walipoamini kuwa kuna mtu nyuma yake. Basi, atasema msomaji, mashine inaondoa aibu, na aibu ndiyo inayomzuia mwanafunzi kujaribu. Nakubali kwamba kwa anayeanza, chumba kisicho na hakimu ni nafuu kubwa. Ila kufunguka kuhusu nafsi yako ni stadi tofauti na kumkabili mtu anayekupima wakati wewe unampima. Daktari anayetoa habari mbaya, au ofisa anayemshuku mama aliyechoka na safari, atafanya kazi hiyo mbele ya macho yenye hukumu. Asiyewahi kuyazoea macho hayo darasani ataanza kuyazoea kwa gharama ya mgonjwa na msafiri.

Pingamizi la pili ni fedha, nalo ni zito. Kuanzia 2004 madaktari wapya nchini Marekani walitakiwa kufanya mtihani wa kitaifa mbele ya wagonjwa wa kuigiza. Ada ilizidi dola 1,000, na vituo vilikuwa katika miji 5 tu. Mtihani huo ulisimamishwa wakati wa korona na kufutwa Januari 2021. Kwa nini basi tusikabidhi nafasi ya mgonjwa wa kuigiza kwa programu za akili unde, zinazoongea usiku kucha bila posho? Kilichofutwa, hata hivyo, ni mtihani. Vyuo vya udaktari viliendelea kuwatumia wagonjwa hao kufundishia. Programu ichukue marudio ya msingi, hilo halina ubaya. Chuo kinachopanga bajeti ya mafunzo haya na hakina hata kifaa kimoja cha uhalisia pepe hakijachelewa: Barrows alianza na chumba na mwanamke mmoja aliyefunzwa vizuri. Chenye vifaa vyote lakini kisichotenga mshahara wa mkufunzi wa dakika zile 5 ndicho kilichonunua jukwaa bila somo.