Tone moja jichoni: kuku wa kienyeji na vita vya kideri

Kuku si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na huku kwetu alifika kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyochangamka tangu karne ya 7. Bara nako akazoea: mchana anajitafutia mchwa na punje, usiku analala jikoni au kitunduni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: jogoo anachinjwa, ananyonyolewa kwa maji ya moto, firigisi anawekewa mkubwa wa nyumba. Mtoto akikosa daftari, mama anauza kuku wawili.

Ufugaji huo usio na gharama ulipata adui mzito katika karne ya 20. Mwaka 1926 ugonjwa mpya wa kuku ulizuka Java na pia Newcastle, Uingereza, mji ulioupa jina la kitaalamu. Mwaka 1935 ukabainika Mombasa. Watanzania wanauita kideri au mdondo. Kuku wanazubaa, mabawa yanashuka, wanaharisha kijani, wengine shingo zinapinda. Siku chache baadaye kitundu ni kitupu. Mfugaji akiona vifo viwili vitatu, hukimbilia kuwachinja waliobaki au kuwauza upesi. Manyoya na matumbo yakitupwa nyuma ya nyumba, na tenga likifika mnadani, ugonjwa umekwishahamia kijiji kingine.

Chanjo zilikuwepo tangu miaka ya 1940, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba makubwa. Chupa moja ilikuwa na dozi za mamia ya kuku, tena ilitaka friji tangu kiwandani hadi bandani. Mama mwenye kuku wanane, katika kijiji kisicho na umeme, angeifanyia nini? Dawa ipo, kuku wanakufa.

Jibu lilitoka Australia. Mwaka 1966 kilipatikana huko kirusi cha kideri kisicho na ukali, kilichopewa jina V4, na baadaye kikachaguliwa kizazi chake kinachostahimili joto. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Peter Spradbrow na wenzake waliendelea na kazi hiyo hadi wakapata aina nyingine, I-2, ambayo mbegu yake ilitolewa kwa maabara za nchi zinazoendelea ili zijitengenezee chanjo. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, na mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya majaribio yake kwa kuku wa kisasa na wa vijijini.

Kazi yenyewe haihitaji sindano. Chupa husafirishwa ndani ya kikapu, imezungushiwa kitambaa kibichi. Mchanjaji, mara nyingi mwanakijiji aliyefunzwa, anamlaza kuku ubavu, anadondosha tone moja jichoni, anasubiri apepese, anamwachia. Kifaranga na jogoo dozi yao ni moja.

Hata hivyo, tone hilo halimponyi kuku aliyekwishaugua, wala halimkingi na ndui au mwewe. Kinga yake hupungua, na kila mara vifaranga wapya wanaanguliwa. Ndiyo maana wataalamu wanashauri kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne, tena kijiji kizima kwa pamoja. Kuku wa uani hawajui mpaka wa jirani, na kideri nacho hakiujui.