Depite wa taifa anafanya kazi gani? Wiki yake kati ya Kinshasa na Likasi

Kule Buluo, katika muji wa Likasi, maji ikikosekana kwenye robine wiki nzima, swali moja linatoka haraka: "Depite wetu iko wapi?" Mvua ikikata barabara, swali ni lile lile. Umeme ukipotea, ni depite. Hata kwenye kilio, familia ikikosa pesa ya sanduku, kuna mutu atatumwa kwenda kupiga hodi kwa depite.

Lakini kazi yenyewe ya depite wa taifa, ile iliyoandikwa katika Katiba, haijulikani sana. Na kama raia hajui kazi ya mutu aliyemchagua, atamwomba mambo ambayo si yake, na atasahau kumudai yale ambayo ni yake kweli.

Depite ni wa nani?

Bunge la taifa lina viti 500. Depite anachaguliwa na raia kwa muda wa miaka tano. Muji wa Likasi ni eneo moja la uchaguzi, kwa hiyo kuna madepite waliochaguliwa hapa. Hata hivyo, kifungu cha 101 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba depite wa taifa anawakilisha taifa lote. Mandati ya kulazimishwa haina nguvu. Maana yake, wapiga kura hawawezi kumupa amri ya kupiga kura namna hii ao namna ile, wala kumutoa katikati ya muda kwa sababu hawamupendi tena.

Watu wa Likasi wana kumbukumbu yao juu ya mambo haya. Mu Januari 1960, Patrice Lumumba alikuwa mufungwa hapa, wakati muji uliitwa Jadotville. Alitolewa ili aende Brussels kwenye Meza ya Duara. Mu Mei ya mwaka ule ule alichaguliwa kuwa mubunge, upande wa Stanleyville, katika Bunge la kwanza la inchi lililokuwa na viti 137. Tangu mwanzo, kazi ya ubunge katika inchi hii ilikuwa kazi ya kusema kwa ajili ya wengi.

Wiki ya Kinshasa

Bunge lina vikao viwili vya kawaida kila mwaka. Cha kwanza kinaanza tarehe 15 Machi na kuisha tarehe 15 Juni. Cha pili kinaanza tarehe 15 Septemba na kuisha tarehe 15 Desemba. Kikao cha Septemba kinaitwa cha budjeti, kwa sababu serikali inapaswa kuleta mupango wa mapato na matumizi ya mwaka unaokuja kabla ya tarehe 15 Septemba kupita. Pia kunaweza kuitishwa kikao cha pekee, kama kuna jambo la haraka.

Wakati wa kikao, wiki ya depite inagawanyika mara mbili. Kuna siku za mukutano mukubwa, ambapo wote wanaketi pamoja katika Palais du Peuple. Ili mukutano ule uwe halali, zaidi ya nusu ya madepite wanapaswa kuwa ndani: kwa viti 500, ni watu 251. Mukutano unafanyika mbele ya watu wote, isipokuwa Bunge likiamua kufunga milango kwa sababu ya pekee.

Siku zingine ni za komisio. Huku njo kazi nzito inafanyika. Kuna komisio ya mambo ya siasa, utawala na haki, kuna ya uchumi na feza, kuna ya ulinzi na usalama, kuna zingine. Sheria inasomwa kifungu kwa kifungu, wataalamu wanaitwa, mawaziri wanakuja kujieleza. Mutu anayefuata Bunge kwenye televisheni anaona hotuba za mukutano mukubwa, lakini neno moja lililobadilishwa ndani ya komisio linaweza kuwa na uzito kupita hotuba ya saa moja.

Kutokuja pia kuna malipo yake. Kifungu cha 110 kinasema kwamba depite anayekosa zaidi ya robo moja ya mikutano ya kikao kimoja, bila sababu na bila ruhusa, anapoteza kiti.

Sheria za Kinshasa zinazofika Likasi

Wengine wanasema: "Mambo ya Kinshasa inatuhusu nini?" Mifano mitatu inatosha kujibu.

Wa kwanza ni Kodi ya madini, iliyotiwa sahihi tarehe 9 Machi 2018. Mbele yake, malipo ambayo kampuni inalipa serikali juu ya shaba inayouzishwa yalikuwa 2 kwa mia. Kodi mupya iliyapandisha mupaka 3,5 kwa mia. Kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya pekee mwishoni mwa mwaka 2018, inalipiwa 10 kwa mia. Na pesa ile inagawanywa namna hii: 50 kwa mia ni ya serikali kuu, 25 kwa mia ni ya jimbo, 15 kwa mia ni ya muji, komini, sekta ao shefri ambamo madini inatoka, na 10 kwa mia inaenda katika mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Kwa muji kama Likasi, uliojengwa juu ya shaba, mugawanyo huu si hesabu ya mbali. Uliamuliwa na kura za madepite na masenata.

Wa pili ni sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014. Iliondoa hali ya SNEL kuwa peke yake, ikafungua mulango kwa kampuni zingine kuzalisha na kuuzisha umeme. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, hayako mbali na Likasi, lakini kuna nyumba nyingi zinazolala katika giza. Nani apate umeme mbele, kiwanda ao mutaa, ni swali la siasa ya taifa.

Wa tatu ni masomo ya bure kwenye masomo ya musingi ya serikali. Katiba iliyaandika tangu 2006, katika kifungu cha 43. Yalianza kutekelezwa kweli mu Septemba 2019. Miaka kumi na tatu ilipita kati ya neno na tendo. Kusukuma serikali itekeleze lililoandikwa, hiyo pia ni kazi ya Bunge.

Kumuuliza waziri

Depite ana haki ya kuleta pendekezo la sheria, sawa na serikali. Zaidi ya hapo, anakagua serikali, kampuni za serikali na huduma za umma. Katiba, katika kifungu cha 138, inamupa vyombo: swali la kuandika, swali la kusema, swali juu ya jambo la siku zile, interpelasio, komisio ya uchunguzi, na kusikilizwa kwa viongozi mbele ya komisio.

Kwa hiyo, maji ikikosekana Buluo, kazi ya depite wa taifa si kununua kisima kwa pesa ya mufuko wake. Kazi yake ni kumuuliza waziri, na hata mukubwa wa REGIDESO: pesa ya pompe iliandikwa katika budjeti? Ilitoka? Ilienda wapi?

Majibu yakikosa kuridhisha, kuna mosio. Ili kumuangusha waziri mumoja, mosio inapaswa kuwa na sahihi za sehemu moja ya kumi ya madepite, ni kusema 50. Ili kuangusha serikali nzima, ni robo moja: sahihi 125. Kisha inapaswa kupata kura za zaidi ya nusu ya madepite wote. Jambo hili si la vitabu tu. Tarehe 27 Januari 2021, madepite 367 walipiga kura ya kuangusha serikali ya Waziri Mukuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba.

Kusema kwenye Bunge kuna ulinzi: depite hawezi kushitakiwa juu ya maoni aliyotoa ao kura aliyopiga katika kazi yake. Ulinzi huu una historia. Tarehe 1 Novemba 1980, wakati wa chama kimoja, wabunge kumi na tatu, pamoja nao Étienne Tshisekedi, walimuandikia Mobutu barua ya kurasa 52 wakishitaki utawala wake. Walipoteza viti, wakakamatwa, wakatupwa mbali. Mu 1982 ndani ya kundi lile kulizaliwa chama cha UDPS.

Wakati wa likizo

Kati ya Juni na Septemba, na kati ya Desemba na Machi, Bunge liko likizo, isipokuwa kukiwa kikao cha pekee. Likizo hiyo si ya kulala. Njo wakati wa depite kurudi kwa waliomuchagua: kupanda ndege mupaka Lubumbashi, kisha kilometre karibu 120 za barabara ya taifa namba 1 mupaka Likasi. Anapaswa kueleza yaliyopigiwa kura, kusikiliza, na kubeba malalamiko mupaka Kinshasa.

Hapo ndipo mambo yanachanganyika. Foleni inajaa mbele ya mulango: mumoja anaomba karo, mwingine dawa, mwingine simenti ya kanisa. Kusaidia si zambi. Lakini depite aliyezoea kugawa simenti anaweza kufikiri ameisha kulipa deni lake, na aliyepokea mufuko mumoja anaona haya ya kuuliza alipiga kura gani juu ya budjeti.

Nani anajibu nini?

Depite wa jimbo si depite wa taifa. Yeye anaketi Lubumbashi, anapiga kura juu ya maamuzi ya jimbo la Haut-Katanga, na anakagua guvernere na mawaziri wake. Barabara za jimbo na kodi za jimbo, ni kwake. Barabara ya taifa, kampuni za serikali, mushahara wa mwalimu wa serikali, jeshi na polisi, ni mambo ya kumupelekea depite wa taifa. Uchafu, soko na mifereji ya mutaa inaanzia kwa burgumesta na kwa mere.

Shida ni kwamba ngazi ya chini haina wachaguliwa. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulichagua washauri wa komini katika miji mikubwa ya majimbo peke yake. Likasi si muji mukubwa wa jimbo, kwa hiyo komini zake ine, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, hazikupata. Njo maana hata shimo la taka linaishia kwa depite.

Barua ina nguvu

Raia hana lazima ya kungojea likizo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinamupa kila Mukongomani haki ya kuandika petisio, yeye peke yake ao pamoja na wengine, kwa kiongozi wa serikali. Kiongozi anapaswa kujibu katika miezi tatu. Na hakuna mutu anayeweza kufuatwa na sheria kwa sababu aliandika.

Petisio nzuri haiombi mambo kumi. Inataja mutaa, inasema shida ilianza siku gani, inaonyesha ni nyumba ngapi zinazoteseka, inauliza swali moja lililo wazi, na ina majina na sahihi. Kopi moja inabaki kwa wakaaji, ikiwa na muhuri wa ofisi iliyoipokea na tarehe. Kopi nyingine anapewa depite, ili awe na karatasi mukononi siku atakapomuuliza waziri.

Pesa ya kilio inaisha siku ya kilio. Barua yenye muhuri inabaki, na siku depite atakaporudi kuomba kura, wakaaji wataiweka mezani na kumuuliza ilifika wapi.