Mahoka, Hitima na Misa ya Marehemu

William Percival Johnson, padre Mwingereza, alifia Liuli mwaka 1928, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake mfano wa sfinksi lililosimama majini. Alikuwa ametua Unguja mwaka 1876 na misioni ya Kianglikana ya UMCA, akaja kuufanya mwambao wa Nyasa kuwa parokia yake, akipita kijiji hadi kijiji kwa meli na kwa miguu, licha ya jicho moja kupofuka.

Waprotestanti wengi wa zama zake waliona kumwombea aliyekwisha kufa ni upotovu. UMCA walimwombea. Nadhani jambo hilo liliwafungulia milango kuliko mahubiri mengi, kwa kuwa Wanyasa wa ufukweni, Wamatengo wa milima ya Mbinga na Wangoni wa upande wa Songea walikuwa na imani moja kuhusu wafu: Chapanga ndiye Muumba, lakini wazee waliotangulia, mahoka, wangali wa ukoo, nao hukumbukwa kwa tambiko.

Kwa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, mambo yalianza vibaya. Walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera, kwenye njia ya Mbinga, mwaka uliofuata. Wao pia walikuwa na Misa ya marehemu, na Novemba 2 kila mwaka waliwaombea wafu wote. Hata hivyo, padre mmoja wao alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Mputa Gama, nkosi (mtawala) wa Wangoni. Sijui alitegemea nini. Vita vya Maji Maji vilipoingia Ungoni mwaka 1905, Peramiho nayo iliteketezwa. Chanzo cha vita kilikuwa kipana zaidi, lakini kibanda kile hakikusahaulika.

Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni mjini Songea. Baadhi yao walikubali ubatizo kabla ya kitanzi. Wakazikwa katika kaburi moja na wenzao, waliobatizwa na wasiobatizwa.

Uislamu ulikuja na misafara ya Kilwa na Wayao, nao ulikuwa na hitima na dua ya arobaini. Leo arobaini imeenea hata kwa Wakristo: ukoo hukutana, padre au mchungaji husali, wali hupikwa, na madeni na mirathi ya marehemu huzungumzwa. Kwa Wamatengo mazungumzo ya namna hiyo yalikuwa na mahali pake, sengu, ambapo wazee walikula pamoja, wakafunza vijana na kusuluhisha ugomvi.

Roma ilichelewa kusema. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la Oktoba 28, 1965 liliwataka Wakatoliki kuyaheshimu yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini nyingine. Hapo ilikuwa imepita miaka 60 tangu Peramiho iungue.

Upinzani dhidi ya desturi hizi za wafu haujaisha, ila siku hizi hautoki tena kwa mapadre. Makanisa mengi ya kilokole hukataza tambiko na arobaini, yakisema mfu hana haja ya sherehe ya walio hai. Baadhi ya masheikh nao huiita arobaini bidaa, yaani uzushi katika dini, na ukizisikiliza hoja za pande hizo mbili, utaona zinakaribiana kuliko wenyewe wangependa kukiri. Msibani, kwa kawaida, ni mashangazi wanaoamua.