Chemirocha: Sauti za Wakipsigis zilizokaa ughaibuni zaidi ya miaka 60

MNAMO 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizuru maeneo ya Wakipsigis, ikiwemo Kapkatet iliyo leo katika Kaunti ya Kericho, akiwa na mitambo ya kunasa sauti. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi, tatu zilikuwa na jina moja: Chemirocha.

Jina hilo ni matamshi ya wenyeji ya Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani ambaye hakuwahi kuikanyaga ardhi ya Kenya.

Rodgers alizaliwa 1897 katika jimbo la Mississippi. Alipokuwa mfanyakazi wa reli alijifunza bluzi kutoka kwa vibarua weusi, akaichanganya na nyimbo za Wazungu wa mashambani. Alianza kurekodi mwaka 1927, na mwaka 1930 alirekodi pamoja na mpiga tarumbeta mashuhuri Louis Armstrong. Aliaga dunia mwaka 1933 kutokana na kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 35. Hadi leo anatajwa kuwa baba wa muziki wa kantri.

Santuri zake ziliwafikia Wakipsigis enzi za ukoloni, kupitia gramafoni za wageni. Wenyeji waliipenda sauti yake, hasa ile mitetemo ya kooni iliyompa umaarufu. Katika wimbo wa tatu, ulioimbwa na wasichana wa Kapkatet, Chemirocha si Mmarekani tena, bali ni kiumbe nusu mtu nusu paa, anayealikwa kucheza ngoma hadi nguo zimdondoke. Waimbaji husindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi iliyo ya ukoo mmoja na nyatiti ya Waluo.

Ndivyo mgeni alivyogeuzwa mwenyeji. Hata hivyo, wenyeji waliomwimba hawakunufaika na rekodi hizo kama walivyostahili.

Tracey, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini mwaka 1921, alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika mwaka 1954 nchini Afrika Kusini. Mkusanyo wake uitwao Sound of Africa una santuri zaidi ya 200. Nyingi zilinunuliwa na vyuo vikuu na maktaba za ng'ambo. Baada ya kifo chake mwaka 1977, hazina hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji uitwao sasa Makhanda. Mtafiti wa Ulaya aliweza kuzisikia sauti za Kapkatet kwa urahisi kuliko mjukuu wa mwimbaji mwenyewe.

Hali ilianza kubadilika mwaka 2014. Maktaba hiyo ilishirikiana na Ketebul Music, shirika la Nairobi lililoasisiwa na Tabu Osusa, kurejesha nakala za rekodi vijijini. Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa wangali hai, wakazisikiliza sauti za ujana wao wakiwa wazee.

Swali linalosalia ni la umiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki za rekodi ya sauti hudumu miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Kwa hivyo, ulinzi wa namna hiyo kwa rekodi ya 1950 ulikoma mwaka 2000, kabla ya jamii kupata nakala. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, iliagiza Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ilipitishwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, inayozipa kaunti jukumu la kukusanya na kuhifadhi kumbukumbu za jamii zake.

Funzo hilo halihusu Kericho pekee. Kuanzia Muthara huko Tigania, Meru, hadi mwambao wa Pwani, zipo nyimbo za jandoni, za arusi na za kazi zinazojulikana na wazee wachache tu. Rekodi isiyo na jina la mwimbaji, kijiji na tarehe ni vigumu kuirejesha kwa wenyewe. Tracey aliandika majina ya wengi wa waimbaji wake, na majina hayo ndiyo yaliyowawezesha watafiti kuwatafuta zaidi ya miaka 60 baadaye. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.