Noti zilizokufa zilitangulia habari

Juzi hapa tulibishana sana juu ya yule dada wa Baraka aliyeuza magunia mawili ya ndagala. Mnunuzi alimuonyesha mesaji kwenye simu kwamba feza imetumwa, akapakia mzigo kwenye pikipiki, akaenda. Hakukuwa na feza. Wengi waliandika kwamba simu ndiyo imetuletea wizi huu. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa namfikiria babu yangu wa Lubondja. Alipoteza mbuzi sita hata neno simu hajalisikia, na noti alizopewa zilikuwa za kweli kabisa, zimetoka banki, na picha ya Mobutu juu yake.

Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 si feza tena. Hizo ndizo zilikuwa noti kubwa za wakati ule. Nia yao ilikuwa kuua mapesa yaliyofichwa majumbani na yale yaliyovuka mipaka kwa magendo. Watu walipewa siku chache tu za kupeleka noti banki, na kiasi cha kubadilisha kiliwekewa mpaka. Kilichozidi kilipotea. Kinshasa walipanga foleni na kusukumana. Sasa mtu wa Lubondja apange foleni wapi? Banki hakuna. Redio ni za kuhesabu, na nusu yake hazina mabuwe. Tena miaka ile milima yetu ilikuwa na wapiganaji wa PRP wa Laurent Kabila upande mmoja na jeshi la Mobutu upande mwingine, na njia ya kushuka ziwani mtu hakuifuata bila sababu.

Babu alisimulia kwamba baada ya Mwaka Mpya akaja mnunuzi kutoka upande wa ziwa. Hakubishana bei. Babu alipofika hapo kwenye hadithi alikuwa anainua kidole: «Mtu wa mbuzi asiyebishana bei, muogope.» Yule alilipa zote kwa noti za zaire 10, mpya mpya. Babu akahesabu mara mbili, akamuita jirani naye ahesabu. Hesabu ilikuwa sawa. Majuma mawili baadaye akashuka Baraka kununua chumvi na vitambaa, na mwenye duka akamrudishia noti bila kuzikunjua: «Mzee, hii feza imekufa.» Shangazi yangu, mtoto wakati ule, alizichezea duka pamoja na wenzake mpaka zikachanika.

Ndiyo maana nasema babu hakukosa kuhesabu. Alifanya yote tunayofundishana leo: hesabu mbele ya macho, tafuta shahidi, angalia noti kwenye mwanga. Alichokosa ni habari, ile aliyokuwa nayo mwenzake.

Na jambo hili kwenye ziwa letu ni la zamani kuliko noti. Ng'ambo, Ujiji, watu walilipana kwa shanga. Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji Februari 1874, alikuta shanga zinazoitwa sofi, kama vipande vya bomba la kiko lililovunjika, ndizo feza ya soko. Aliandika juu ya watu waliokuja na mifuko ya sofi: soko likifunguka wanawabadilishia wauzaji na wanunuzi, soko likifungwa wanazirudisha kwao. Ni makambisti kabisa, wamekosa tu kiti cha plastiki na mwavuli! Burton na Speke waliopita Ubwari mwaka 1858 wakielekea Uvira walibeba nguo na shanga za namna nyingi, kwa sababu shanga iliyopendwa kijiji hiki ilikataliwa kijiji kile. Shanga ziliuzwa kwa kete, na kete 10 zilifanya fundo. Nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mkono wa nani? Hapo ndipo ugomvi, na mtu mwenye akili alikuja sokoni na ndugu yake mrefu.

Babu naye alijifunza. Miaka ya 1990 zero zilipoanza kuongezeka, hakukubali noti usiku mmoja ulale nazo. Mwanzoni mwa 1993 noti ya zaire milioni 5 ilikataliwa na wafanyabiashara. Waziri mkuu Tshisekedi alikuwa amesema si halali, Mobutu akawalipa askari kwa noti hiyo hiyo, na Kinshasa ikaporwa. Hata balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa. Oktoba mwaka ule ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai waliikataa, wakabaki na za zamani, kwa hiyo karatasi iliyokufa huku ilikuwa bado inatembea kule. Babu aliuza kwa chumvi, kwa mawese, kwa jembe. Watu walimcheka kwamba amerudi nyakati za shanga.

Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franka kongole, moja kwa zaire mpya 100 000. Aliyeileta ni Kabila yule yule wa milima yetu, sasa rais. Ukipiga hesabu, franka moja ilikuwa zaire za zamani milyari 300. Mwezi mmoja baadaye, 2 Agosti, vita vingine vikaanza, na wengi wetu tulikuwa tayari ng'ambo, Nyarugusu.

Mimi nilirudi 2007 kwa meli mpaka Baraka. Nilikuwa na shilingi za Tanzania na sijawahi kushika franka hata moja. Pale bandarini nilimuuliza mtu mmoja tu bei ya kubadilisha, na mtu huyo ndiye aliyenibadilishia. Nililipwa karibu nusu. Nikahesabu noti zangu vizuri sana, zikawa sawa na alivyosema. Mjukuu wa babu kabisa.

Siku hizi kambisti mjanja anakunja noti moja katikati ya bunda ili ihesabiwe mara mbili, au anakuambia dola yako ina mpasuko mdogo, anaishika kidogo, anakurudishia nyingine mbovu zaidi. Kwa hayo macho yanatosha: hesabu wewe wa mwisho, noti ikitoka mkononi mwako usiiache machoni. Lakini mesaji ya uongo ni ya ukoo wa mbuzi sita. Unaweza kuisoma mara kumi, jina liko sawa, kiasi kiko sawa, na bado ni bure, kwa sababu umesoma kile ambacho mwenzako amechagua uone.

Shangazi, yule aliyechezea noti za babu, anauza mawese Baraka sasa. Kusoma kwake ni kwa shida. Mnunuzi akimnyooshea simu, hata haiangalii. Anasema: «Hiyo ni yako, baba. Tungojee yangu ilie.» Ikilia, anampa kijana wa jirani amwangalizie salio, na muda wote huo mguu wake uko juu ya bidoni.