Kasumba, Mofini na Uganga wa Maumivu katika Ufipa

Neno "kasumba" limekwenda safari ndefu katika Kiswahili. Hapo zamani lilitaja afyuni iliyotayarishwa kwa kutumiwa, nalo lafanana na jina ambalo watu wa Gujarati hukiita kinywaji cha afyuni. Leo mwenye kulitamka hakusudii afyuni, bali mawazo mabaya yaliyomganda mtu asiweze kuyaacha. Basi lugha imekwisha kutoa hukumu yake: sifa ya afyuni ya kulevya akili imebaki, na sifa yake ya kutuliza maumivu imesahauliwa. Mofini, iliyotolewa katika afyuni huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 19, imeirithi hofu hiyo. Historia ya kuwafunza matabibu kuitumia kwa usalama ni historia ya kuipa hofu hiyo kadiri yake, isizidi wala isipungue.

Katika Ufipa na pwani ya Ziwa Tanganyika, utabibu wa kigeni una mwanzo ujulikanao. Ngome ya Karema ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakawaachia Mapadre Weupe mwaka 1885. Hapo alifika mwaka 1889 Adrian Atiman, mzaliwa wa kando ya mto Niger, aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadre hao, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alioa huko huko Karema, akawatibu watu hata alipofariki mwaka 1956. Karema sasa imo katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini jina la mtu huyo limepanda uwanda wa juu: mjini Sumbawanga iko hospitali ya Kanisa Katoliki iitwayo Dkt. Atiman. Maisha yake yaonyesha kwamba aliyefunzwa vema, akakaa na watu, aweza kuwafaa mahali ambapo daktari mwingine hapatikani.

Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa ni "tupa uchawi", lakini uganga haukutupwa. Kuganga, kwa maana yake ya kale, ni kufunga na kuunga kilichovunjika, na hata serikali humwita tabibu wake mkubwa "Mganga Mkuu wa Mkoa". Kwa hiyo tabibu wa hospitali amekalia kiti cha zamani, na mgonjwa humtazamia kazi ile ile ya zamani, yaani kumwondolea maumivu.

Kazi hiyo ilichelewa kupata zana zake. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1961 ulikubali mambo mawili kwa pamoja, kwamba dawa za kulevya zidhibitiwe, na kwamba hapana budi zipatikane kwa kutuliza maumivu. Nchi nyingi zilishika la kwanza zikaliacha la pili. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya hatua tatu kwa maumivu ya saratani: kwanza dawa kama parasetamoli, kisha kodeini na zifananazo nayo, mwisho mofini. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha huko Uganda huduma iliyotumia mofini ya kunywa, iliyochanganywa kwa unga na maji kwa gharama ndogo. Na mwaka 2004 sheria ya huko iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kuiandika. Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliundwa mwaka 1996, lakini kutoka Sumbawanga hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na maumivu hayangoji basi.

Mafunzo yenyewe huanza na kuuliza. Mgonjwa huonyesha ukali wa maumivu kwa vidole: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni yasiyovumilika. Kisha huulizwa yakoje. Asemaye "yawaka moto" au "kama sindano", na ganzi juu yake, huenda mishipa yake ya fahamu imeumia, nayo huhitaji dawa nyingine, kama amitriptilini. Mofini ya maji hutolewa kila saa 4, ikianza kwa kipimo kidogo, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Chupa hufungiwa kabatini na kila kipimo huandikwa daftarini. Mgonjwa akisinzia mno na pumzi zikapungua, ni hatari, na naloksoni ndiyo dawa yake.

Hofu nayo ina sababu. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, dawa za jamii hii ziliandikwa ovyo kwa maumivu ya mgongo na viungo, na watu wengi mno wakafa. Kwa maumivu ya namna hiyo yadumuyo, mazoezi na dawa nyingine hutangulia. Lakini kosa la kumwaga dawa halisahihishwi kwa kumnyima mwenye saratani.

Hapa ndipo wataalamu wa lugha wanapoingia. Tabibu hutumwa Ufipa kutoka mikoa mingine akiuliza kwa Kiswahili, na mzee wa kijijini huyasikia maumivu yake kwa Kifipa. Kiswahili chake huishia pengine katika neno "naumwa", ambalo halimwambii tabibu dawa ipi ifaayo. Orodha ya maneno ya maumivu, iliyokusanywa vijijini na kulinganishwa na Kiswahili, ingekuwa kifaa cha tabibu sawasawa na kipimo na chupa.